Koti la Serikali

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asije akanishtaki kwa mjumbe wake akidai nimemsema yeye. Iko mbali sana. Watu wake ni wapole, viongozi wake ni wasikivu, na sheria zake zote zimetungwa kwa nia njema, jambo ambalo nitalithibitisha hapa chini bila kushurutishwa na mtu.

Nchi hiyo ina sehemu mbili. Kuna bondeni, yaliko makao makuu, ambako jua huwaka mpaka lami ikashika soli za viatu. Na kuna kwetu juu, ambako mwezi wa sita umande huganda ukawa mweupe juu ya majani ya viazi, na mtu akitoka kuoga asubuhi hurudi ndani na masikio ambayo hana hakika kama bado ni yake. Walio bondeni hutawala, na sisi wa juu huwa tunatawaliwa, kila mtu na kazi yake.

Mwanzoni Serikali ilituonea huruma. Alipanda Waziri wa Makazi akiwa amevaa makoti mawili na blanketi la kuazima, akazindua kampeni iliyoitwa Pasha Nyumba, Jenga Taifa. Tukafundishwa kujenga jiko la ukutani, yaani jiko la matofali linalokaa kati ya sebule na chumba cha kulala, moshi wake ukitoka kwa bomba hadi juu ya bati. Tukaambiwa tupige dari za mbao na tuzibe nyufa kwa udongo uliochanganywa na maganda ya mahindi. Tuliuza ng'ombe tukafanya hivyo. Mwaka ule watoto waliacha kukohoa, na wazee waliokuwa wameshaaga wakaghairi.

Baada ya Waziri wa Makazi kushuka na sifa zake, akapanda Waziri wa Mapato.

*

Huyu alikuwa msomi. Alisimama kwenye jukwaa la uwanja wa mpira, msaidizi akimshikia chupa ya maji ya moto tumboni, akatueleza jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria.

"Ndugu wananchi," alisema, "sisi kule chini baridi tunainunua. Kila ofisi ina kiyoyozi, kila kiyoyozi kina bili. Ninyi baridi mnapewa bure na Mwenyezi Mungu, tena usiku na mchana. Mmeshukuru? Hamkushukuru. Mmejenga majiko ya kuifukuza. Sasa mwananchi ambaye ana baridi ya bure, halafu akajiongezea na joto, huyo ana vyote viwili. Na mwenye vyote viwili, kwa lugha ya uchumi, ni tajiri."

Tulipiga makofi. Yalikuwa makofi ya dhati, maana mikono ilikuwa imekufa ganzi na ilihitaji kupigwa.

Ndipo ikaja kodi mpya ya majengo. Nyumba yenye baridi itaitwa makazi ya kawaida na haitatozwa kitu. Nyumba yenye joto itaitwa jengo lililoboreshwa, na mwenyewe atalipa kwa kadiri ya joto lake. Asiyeweza kulipa hatasumbuliwa hata kidogo. Nyumba itapigwa mnada, naye atapumzika na mzigo wa kumiliki.

Lilibaki suala la kupima. Serikali ikatangaza zabuni ya vipimajoto, na zabuni ikachukuliwa na shemeji wa mtu, akaleta makontena mawili ya vile vipimajoto vya kuweka kwapani. Kuta hazina makwapa. Wathamini walijaribu kuvichomeka kwenye nyufa, na kwa mujibu wa kipimo hicho kila ukuta wa nchi ulikuwa maiti. Wataalamu wakakaa semina kwenye hoteli nzuri ya bondeni, wakatoka na koti.

Koti la Serikali ni zito, la kahawia, ndani lina sufi, na lina vifungo vitatu vikubwa. Mthamini huingia nalo, hukaa sebuleni kwa muda wa salamu na habari, na mwenye nyumba humtazama vifungo. Asipofungua hata kimoja, nyumba ni ya kawaida. Akifungua kimoja, kodi. Viwili, kodi kubwa. Vitatu, kodi kubwa zaidi. Na akilivua koti lote, nyumba huingia daraja la anasa, ambalo sijawahi kusikia mtu wa kwetu akalilipa na bado akabaki na mlango.

Wenye nongwa wakauliza mbona nyumba ya Mheshimiwa Mbunge, yenye jiko kila chumba mpaka chumba cha mbwa, imeandikishwa makazi ya kawaida. Jibu lake ni rahisi. Kwa heshima, mthamini huliacha koti getini anapoingia kwa Mheshimiwa, na sheria iko wazi kwamba asiye na koti hawezi kufungua kifungo.

*

Kilichotuponza sisi ni chai. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajashika kikombe, na kikombe hicho hakitakiwi kupoa. Ukimwacha mgeni akae na mikono mitupu, watu watasimulia mpaka siku ya harusi ya mjukuu wako.

Jirani yangu, Bi Atupele, mjane, alijiandaa vizuri tu. Alizima jiko mapema, akafungua madirisha, nyumba ikawa kama birika la barafu. Mthamini akaingia midomo ikiwa ya bluu, akitetemeka, kijana wa watu, na Bi Atupele akamwona kama mwanawe. Akasahau sheria. Akamletea chai ya tangawizi, akamwongezea, akamwekea na kiazi cha kuchoma. Vikafunguka vifungo viwili.

Kodi ikamshinda, na nyumba ikanunuliwa mnadani na Mheshimiwa Mbunge, ambaye alikuwa hana pa kuegesha magari. Kwetu tunazika uani, kila mtu kwake, na uani pale alilala mume wa Bi Atupele pamoja na wakwe zake. Mheshimiwa alimwaga zege juu yao, zuri, la kudumu. Bi Atupele akahamia kwenye ghala la viazi la kaka yake. Siku za kukumbuka marehemu huenda akasimama nje ya geti akaliamkia lile zege, na mlinzi, ambaye ana utu, humwacha.

Tangu hapo mgeni wa koti akawa anapewa maji ya kisimani.

*

Sasa nifike kwa Mzee Ambakisye na mkewe, Bi Subilaga, ambao nyumba yao na yangu zinapakana kwa ua wa matete.

Mzee Ambakisye alikuwa dereva wa greda la Serikali. Barabara zote wanazopandia mawaziri alizikwangua yeye, na vumbi la barabara hizo lilimwingia kifuani likakaa. Alipostaafu alipewa saa ya ukutani na kikohozi. Mganga wa zahanati alimwambia waziwazi kwamba dawa anazo, lakini dawa ya kwanza ni joto, na zile nyingine zinasindikiza tu. Kwa hiyo ilipokuja kampeni, hakuna mtu aliyejenga jiko la ukutani kwa furaha kama yule mzee. Alikuwa akilala ameliegemeza mgongo.

Walikuwa na mtoto mmoja, Tumpe, aliyefariki akiwa na miaka kumi na saba. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, karibu na mlango wa jikoni, kiasi kwamba mama yake akimwaga maji ya kuoshea vyombo huangalia yasielekee huko. Kila asubuhi Bi Subilaga huanza kumsalimia Tumpe kabla hajasalimia mtu aliye hai.

Mwezi wa tano redio ilitangaza msimu wa uthamini. Mthamini, ilisema, angefika kati ya siku hiyo na siku atakayofika. Basi moto ukazimwa nyumba zote za juu. Kupikia tulipikia kwenye vibanda vya nje, kisha tukaingia kulala kwenye nyumba ambazo ukipumua mvuke unatoka mdomoni.

Bi Subilaga hakutaka kuzima. Alikuja kwangu akalia, akasema kodi iwe kodi, mume wake kwanza. Aliyemkatalia ni mzee mwenyewe. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda kando ya jiko lao.

"Zima, mama Tumpe," alisema. "Nyumba ikienda, na mtoto anakwenda. Unataka wamwage zege?"

Akazima. Nadhani hakuna kitu kilichowahi kumgharimu zaidi ya kile, na niliona alivyozifukia zile kaa kwa jivu taratibu, akizionea huruma.

Alifanya yote ambayo mke anaweza kufanya. Alichemsha mawe kwenye kibanda cha nje, akayafunga kwa kanga, akamwekea miguuni. Alipoona hayatoshi, aliingiza mbuzi wawili chumbani, mmoja kila upande wa kitanda. Mzee alisema usingizi wa mbuzi una utulivu kuliko wa makarani aliokuwa akilala nao kambi za barabara. Lakini wengine nao walikuwa wamegundua mbuzi, habari ikafika bondeni, na redio ikasoma tamko kwamba mnyama yeyote atakayekutwa ndani atahesabiwa kuwa boresho la jengo. Mbuzi wakatolewa. Mzee akabaki na mawe.

Wiki zikapita. Mthamini hakuja. Tulisikia yuko kata ya jirani, tukasikia amepata mafua, tukasikia anasubiri posho. Mzee Ambakisye akawa hazungumzi ila kwa maneno machache yaliyokatika katikati, na midomo yake ikageuka rangi. Mkewe alikuwa akimkumbatia mchana kutwa chini ya mablanketi, na alipotoka kwenda kuchota maji mimi au Bi Atupele tuliingia kumshika mikono.

Alifariki Alhamisi asubuhi. Afisa wa afya alikuja, akatazama, akasema ni kifo cha kawaida katika makazi ya kawaida.

*

Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Ukisikia kilio unachukua mkeka wako, blanketi lako na kuni zako, unaingia, na unakaa hapo. Sebule ya Bi Subilaga ilijaa ukuta kwa ukuta. Jeneza liliwekwa katikati juu ya viti viwili, wanawake wakalizunguka wamebanana, wanaume wakajipanga nyuma yao, kwenye korido na chumbani, na waliokosa nafasi wakakaa dirishani. Tuliimba. Mtu akimwegemea mwenzake, na mwenzake akimwegemea mwingine, baada ya muda hujui pumzi hii ni ya nani. Nakumbuka niliona aibu kujikuta miguu yangu inarudi hai, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Ndipo, Ijumaa mchana, akafika mthamini. Wathamini hupenda misiba, maana siku hiyo watu wote hukutwa nyumbani.

Aliitwa Bwana Shomvi, kijana wa bondeni, mwenye adabu. Simchukii, na nitawashangaza nikisema hata siku ile sikumchukia. Aliinama mlangoni, akamwamkia Bi Subilaga shikamoo, akampa pole kwa mikono miwili, na akaomba radhi kwamba sheria haina nafasi ya kuahirisha. Watu wakajisogeza wakampa nafasi, kama anavyopewa mgeni yeyote, katikati yetu, kati ya mimi na mama mmoja mnene wa kwaya. Tukaendelea kuimba.

Kwanza aliimba na yeye. Kisha akajipangusa paji la uso. Akafungua kifungo cha juu, na mimi nikakosea maneno ya wimbo. Akafungua cha pili. Sauti zikaanza kupungua, moja baada ya nyingine, mpaka akabaki yeye na mama wa kwaya, ambaye alikuwa amefumba macho. Akafungua cha tatu. Halafu yule kijana, jasho likimtiririka, bila kujua anafanya nini, akalivua koti lote, akalikunja na kuliweka magotini.

Alipoona tunavyomtazama ndipo alipojitazama. Machozi yakamlenga. Alisema hakukusudia, lakini koti likishavuliwa limevuliwa.

"Baba," Bi Subilaga alimwambia, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "jiko halijawashwa tangu mwezi wa tano. Nenda kaangalie mwenyewe."

Akaenda, sote tukinyoosha shingo nyuma yake. Ndani ya jiko mlikuwa na kuku anaatamia. Bwana Shomvi akatia mkono, akagusa matofali, akautoa mkono haraka kwa baridi. Akasema hapa pana utata wa kitaalamu, na akampigia simu Mkurugenzi wa Uthamini kule makao makuu, akiweka sauti kubwa ili haki ionekane ikitendeka.

*

Mkurugenzi alianza kwa kutoa rambirambi kwa niaba ya Serikali, akamsifu marehemu kwa barabara, akatutaka tuwe na moyo wa subira. Nyuma yake kiyoyozi kilisikika kikinguruma. Kisha akauliza joto linatoka wapi ikiwa jiko limezimwa.

Bwana Shomvi akasema, kwa unyonge, kwamba linatoka kwa majirani.

Tukasikia karatasi zikipekuliwa.

"Wamekaa humo tangu lini?"

"Tangu jana, mheshimiwa."

"Na wataondoka lini?"

"Wengine kesho wakishazika. Lakini mila ya hapa, mheshimiwa, wapo watakaokaa mpaka arobaini."

"Basi hayo ni maboresho ya kudumu," alisema Mkurugenzi, na ilidhihirika kwamba amefurahia kupata jibu. "Sheria haiulizi joto limetoka wapi. Inauliza limekutwa kwa nani. Mwenye nyumba amejiwekea mfumo wa kupasha nyumba kwa njia ya majirani. Daraja la anasa. Hata hivyo Serikali ina moyo. Akiwaondoa majirani wote, nyumba ikapoa, utaithamini upya kesho asubuhi."

Akatutakia msiba mwema na kukata.

Kila mmoja alikuwa akifanya hesabu ileile: tukibaki, nyumba inaondoka, na makaburi mawili yanaondoka nayo, la Tumpe na hilo litakalochimbwa kesho. Tukiondoka, mwanamke huyu atalala peke yake na maiti ya mumewe kwenye nyumba ya barafu, na kwetu hilo halijawahi kutokea hata kwa mtu mbaya. Niliwaza maneno ambayo siwezi kuyaandika katika hadithi ya nchi yenye viongozi wasikivu.

Bi Atupele ndiye aliyeinuka kwanza. Alianza kukunja mkeka wake.

"Tutakaa uani, dada," alisema. "Tutaimbia huko, utatusikia."

Nje umande wa jana ulikuwa bado haujayeyuka kwenye kivuli. Wengine wakaanza kuinuka, wazee wakitafuta fimbo zao.

"Kaeni," Bi Subilaga akasema.

Akamgeukia Bwana Shomvi, akamuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu sokoni, kama juu ya daraja la anasa lipo daraja lingine.

"Halipo, mama. Likishavuliwa koti, sheria inaishia hapo."

"Una hakika, mwanangu? Moto ukiongezeka, hamna cha kuongeza?"

"Hamna, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda kwenye jiko, akamtoa kuku pamoja na mayai yake, akampa mtu amshikie. Akapanga kuni zetu zile tulizoleta za msiba, akazijaza mpaka mlangoni mwa jiko, akapiga kiberiti. Bomba lilikuwa limelala muda mrefu, likatapika moshi ndani kidogo, halafu likavuta. Tulisikia moto ukishika.

Alikaa amechuchumaa mbele yake kitambo. Aliposimama alitutazama sisi wanaume.

"Msogezeni huku," alisema.

Hatukuelewa, au tulijifanya hatuelewi. Mzee mmoja akamwambia kwa heshima kwamba mwili hauwekwi kwenye joto, mama, utaharibika kabla ya kuzikwa.

"Uharibike," akasema Bi Subilaga. "Kuanzia mwezi wa tano ananiomba moto akiwa usingizini, na akiamka anakataa kwamba ameomba. Kesho mtamlaza pale kwa mwanawe, na watakuja kummwagia zege, na huko chini hakuna jiko. Msogezeni, baba zangu. Nimekwisha kulilipia."

Tukainuka wanne. Mtu wa nne alikuwa Bwana Shomvi, koti likaanguka alikokuwa amekaa na hakuna aliyeliokota. Tulilinyanyua jeneza, watu wakibana magoti kutupisha, tukaliegemeza ubavu wake kwenye matofali pale mzee alipokuwa akilala ameliegemeza jiko mgongo. Mimi nilishika upande wa kichwani. Matofali yalikuwa yameanza kushika moto, lakini mbao za jeneza zilikuwa baridi, na nilikaa nimeziwekea kiganja muda mrefu nikingoja zibadilike.